Chavua, DNA na wazee wawili wasiokunywa mbege

Juzi kati nlikuwa nyumbani Machame. Mpwa wangu yuko kidato cha tano, anasoma CBG, alikuwa kakaa barazani na simu yake akakutana na habari kwamba wanasayansi wanatumia DNA kufuatilia chavua za ukoo mmoja wa mimea zimebadilika vipi kwa mamilioni ya miaka. Akaisoma kwa sauti. Shangazi alikuwa anachambua maharage pembeni, hata kichwa hakuinua, akasema, "Si ndo hizo GMO mnazoletewa." Jirani aliyekuja kuazima mtarimbo akadakia, hapana mama, DNA ni kile kipimo cha kujua mtoto ni wa nani, sasa na mimea nayo imeanza kudaiwa matunzo? Watu wakacheka, dogo akanigeukia: "Mjomba, si uwaelezee."

Nikaelezea nikajichanganya, maharage yakaisha kuchambuliwa kabla sijafika popote. Ndo maana naandika hapa, taratibu, maana haya maneno yako mdomoni mwa kila mtu sasa hivi na kila mtu ana maana yake.

Chavua ni ule unga, mara nyingi wa njano, unaotoka kwenye ua. Wengi wanasema ni mbegu za kiume za mmea, na hata darasani inafundishwaga hivyo kwa mkato, ila siyo sawa sana. Punje moja ya chavua ni chombo kizima chenye ukuta wake, na zile chembe za kiume, mbili, ziko ndani au zinatengenezwa humo. Yaani punje ni lori na chembe za kiume ndo mzigo. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini watu wanahangaika na umbo lake, kwa sababu umbo la lori linakuambia linapita barabara gani.

DNA, au vinasaba, ni maandishi marefu yaliyoko ndani ya kila kiumbe, yameandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, zikijirudia kwa mpangilio tofauti. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye kazi fulani. Na ukoo wa mimea, kwenye vitabu wanaita familia, ni kundi la mimea iliyotoka kwa babu mmoja wa zamani sana. Leo nachukua ukoo wa alizeti, kitaalamu Asteraceae, kwa sababu ni mkubwa ajabu, una spishi zaidi ya 25,000, karibu moja ya kumi ya mimea yote ya maua duniani, na kwa sababu umejaa kwetu: alizeti yenyewe, pareto, saladi, mchunga, yale mashona nguo yanayonata kwenye suruali ukipita shambani, mpaka ile miti ya ajabu yenye kichwa kama kabichi unayoikuta ukipanda Kilimanjaro.

Sasa shangazi. GMO ni mtu kuingia kwenye maandishi ya kiumbe na kuyabadilisha makusudi. Kinachozungumziwa hapa ni kuyasoma tu. Ukisoma daftari la mtoto hujaandika kitu ndani yake, alizeti iliyosomwa DNA shambani inabaki alizeti ile ile. Jirani yeye alikuwa nusu sahihi, maana kanuni ya kipimo cha mzazi na hii ni ndugu: zote zinalinganisha nakala. Tofauti ni kwamba ya mzazi inaruka kizazi kimoja, hii inaruka vizazi ambavyo hata kuvihesabu huwezi.

Kabla ya kwenda mbali, nenda kaangalie mwenyewe. Huku chini kuelekea Boma Ng'ombe alizeti zikichanua unazipata barabarani kabisa. Gusa ile sehemu ya katikati na kidole. Lile unaloliita ua moja ni kikapu cha maua madogo mamia kwa mamia, kila kimoja kina kijibomba, na ndani ya kijibomba kuna kijiti kinachosukuma chavua kutoka nje kama unavyosukuma dawa kwenye bomba la sindano. Kidole kitatoka na unga wa njano mzito, unanata, ukijipangusa kwenye shati jeupe umeumia, mimi nina shati moja lilibaki na doa. Halafu hapo hapo ingia kwenye mahindi, tikisa lile shada la juu. Unga unaruka, unapotelea hewani, kwenye mkono unabaki kidogo na ukipuliza unaondoka.

Zitie zote mbili chini ya hadubini. Ya mahindi ni mpira, karibu laini kabisa, una tundu moja. Ya alizeti ni ndogo zaidi na imejaa miba pande zote, utafikiri fenesi, juu yake kuna mafuta mafuta. Ya mahindi inasafiri kwa upepo, haihitaji kushika chochote. Ya alizeti inasubiri nyuki, inajishika kwenye manyoya yake. Na hapo hapo tumalize uvumi mmoja, wa mtu anayepiga chafya akiona alizeti imechanua. Chavua nzito ya kunata hairuki sana, mara nyingi anayekuchafua pua ni nyasi au kitu kingine cha upepo ambacho ua lake hata hujaliona.

Kitu kingine kuhusu huo ukuta. Umetengenezwa kwa sporopolenini, mojawapo ya vitu vigumu zaidi kuoza ambavyo viumbe wanatengeneza. Watu wa maabara wanachemsha udongo na asidi kali, vingine vyote vinayeyuka, chavua inabaki na miba yake. Ndo maana Ziwa Chala, pale Rombo mpakani na Kenya, ni hazina: chavua zimekuwa zikianguka majini na kuzama kwenye tope, tabaka juu ya tabaka, na mwaka 2016 watafiti walichimba zaidi ya mita 200 za tope chini ya lile ziwa, ambazo ni kama miaka 250,000 ya kumbukumbu. Lakini anayehesabu hizo chavua akikutana na punje ya miba ya ukoo wa alizeti, mara nyingi anaishia kuandika jina la ukoo tu. Za ukoo huu nyingi zinafanana mno.

Hapo ndo shida inapoanzia. Zamani watu walipanga undugu wa mimea kwa kuangalia maumbo, na chavua ilikuwa shahidi mzuri, ila shahidi anayedanganya. Chukua ua la hibiskasi, lile la kwenye uzio, chavua yake nayo ina miba mikubwa tu inaonekana kabisa. Utasema ni ndugu wa alizeti. Wala. Ni ukoo mwingine kabisa, ndugu zake ni bamia na pamba. Ukisimama pale stendi ya Moshi ukaona vijana 20 wamevaa reflekta hutasema wamezaliwa tumbo moja, utasema ni bodaboda. Reflekta inakuambia kazi, haikuambii baba. Miba ya chavua ni reflekta.

Kwa hiyo unahitaji shahidi mwingine ambaye hajali nyuki wala upepo, na huyo ni DNA. Na hapa ndo kila mtu pale barazani alikosea, mimi mwenyewe mara ya kwanza: hawatoi DNA kwenye chavua ya kale. Chavua ya mamilioni ya miaka imebaki ganda, ndani hamna cha kusoma. DNA ya zamani zaidi iliyowahi kusomwa, iliyotangazwa 2022, ilitoka kwenye udongo wa Greenland na ina kama miaka milioni 2, na hapo ni baridi ya kugandisha. Ukoo wa alizeti ni wa zamani mara nyingi zaidi ya hapo. Kinachofanyika ni kuchukua jani la mmea wa leo, unalikausha na zile punje wanazowekaga kwenye boksi la viatu vipya, au unaomba kipande kwenye hebaria, yale makabati ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Ya taifa iko hapa hapa Arusha, Ngaramtoni, kwenye taasisi ya viuatilifu ambayo wengi bado tunaiita TPRI. Jani linasagwa, DNA inatolewa, vipande vinazidishwa kwa PCR, ile ile mliyoisikia wakati wa Korona, kisha herufi zinasomwa na kompyuta inalinganisha.

Inalinganisha nini? Makosa. Hili nitalikalia kidogo maana ndo moyo wa jambo lenyewe. Fikiria noti za mwalimu zinazotolewa fotokopi kwenye steshenari. Siku moja kijana wa steshenari kabandika kurasa kadhaa juu chini, hakuona, akatoa kopi. Wanafunzi wakachukua zile kopi wakaenda kuzitolea kopi tena sehemu nyingine, na wengine wakatoa kwao, mpaka mkoa mzima una zile noti. Miaka baadaye mtu akikuletea noti zenye kurasa zilizogeuka unajua zimetoka kwenye lile tumbo. Akikuletea zenye kurasa zilizonyooka, hizo zilitoka kabla ya lile kosa, mstari wake ulishajitenga.

Hiyo siyo hadithi ya kutunga sana. Mwaka 1987 Robert Jansen na Jeffrey Palmer walitoa kazi yao kuhusu DNA ya kloroplasti, zile chembe za kijani kwenye jani, ambazo zina DNA yao wenyewe. Ya alizeti ina herufi kama 151,000. Wakakuta kipande cha herufi zaidi ya 22,000 kimegeuka, mbele nyuma, kwenye ukoo wa alizeti karibu wote waliopima. Mimea ya nje ya ukoo haina huo mgeuko. Na ndani ya ukoo kundi moja tu halina, kundi dogo la Amerika Kusini linaloitwa kwa jina la Barnadesia, spishi zake hazifiki 100. Kabla ya hapo lile kundi lilikuwa limechanganywa tu na wengine, hakuna aliyejua kwamba ndo lililojitenga mwanzo kabisa, na kwamba wengine wote, alizeti, pareto, saladi, mashona nguo, walitoka upande wa pili. Mgeuko mmoja ukapanga ukoo wa maelfu kwa maelfu.

Sasa ukishakuwa na mti wa ukoo uliojengwa kwa DNA, unarudi na chavua zako, unazipachika kwenye matawi, moja moja. Hapo ndo niliwatolea watu wa barazani, nilipowaelezea mara ya pili, mfano wa wazee wetu wawili. Baba mkubwa hanywi pombe. Baba mdogo hanywi pombe. Kwenye sherehe ukiwaona wamekaa meza moja, kila mtu na soda yake, utasema wale ni watu wa aina moja. Kumbe baba mkubwa hajawahi kuonja mbege toka kuzaliwa, na baba mdogo alikuwa haondoki kilabuni mpaka daktari alipomwambia ini limefika mwisho. Soda ile ile, ila historia mbili. Na kwa kuwaangalia tu hutajua, lazima uulize ukoo.

Chavua za kundi la Barnadesia kwa jumla hazina ile miba mirefu ya alizeti, nyingi ni laini au zina vipele vidogo. Na ukoo jirani ulio karibu zaidi na wa alizeti, Calyceraceae, nao wa Amerika Kusini, hauna miba hiyo pia. Sasa tafuta artemisia, ile inayotoa dawa inayoingia kwenye dawa mseto ya malaria, imewahi kulimwa hata huku Arusha. Artemisia ni mmea wa upepo, na chavua yake miba imekuwa midogo sana, kwa hadubini ya kawaida unaweza kusema ni laini. Ungeenda kwa macho tu ungeiweka artemisia pamoja na wale wa mwanzo kabisa, ukasema hawa ndo wazee wa ukoo, bado hawajaota miba. DNA inakataa. DNA inaiweka artemisia ndani kabisa ya tawi moja na pareto, ndugu wa karibu, na pareto ina miba yake kamili na wadudu wake. Yaani artemisia imezungukwa pande zote na ndugu wenye miba. Kwa hiyo mababu zake walikuwa nayo, ikapungua baada ya kuhamia kwenye upepo. Barnadesia ni baba mkubwa, artemisia ni baba mdogo.

Hili ndo linaloumiza ile picha ya ngazi ambayo watu wanayo kichwani, kwamba viumbe wanaanza duni wanapanda juu wanakuwa bora. Artemisia haikushuka daraja. Miba kwenye upepo haina kazi, basi. Na tafadhali msisome kwamba mmea ulikaa ukaamua. Punje zinatofautiana kidogo kidogo kwa makosa ya kunakili, zinazofika kwenye ua lingine ndo zinaacha watoto. Kwenye upepo miba haikusaidii kufika, kwa hiyo hakuna cha kuilinda isipungue.

Kuna chavua nyingine nzuri kuliko zote kwa macho, zenye matuta yanayozunguka na mabonde katikati, kama mpira wa miguu ulioshonwa kwa nyuzi nene. Saladi na mchunga wanazo. Kwenye mti wa DNA matuta hayo yanatokea kwenye matawi yaliyo mbali mbali, kwa hiyo yamezuka zaidi ya mara moja. Reflekta tena.

Chavua nayo inamlipa DNA deni. Makosa ya kunakili yanakuambia nani alijitenga kabla ya nani, ila hayakuambii mwaka. Saa unayo lakini haijasetiwa. Kuiseti unahitaji kitu chenye tarehe, na hicho mara nyingi ni kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhika ardhini, na kwa mimea kisukuku kinachodumu kuliko vingi ni chavua. Mwaka 2015 Viviana Barreda na wenzake walitoa chavua kutoka Antaktika, ndiyo, kule kwenye barafu, kwenye miamba ya miaka kama milioni 76 mpaka 66 iliyopita, enzi za dinosaria, wakasema ni za kundi la Barnadesia. Wengine wakabisha, wakasema punje kama hizo zinaweza kuwa za mmea mwingine, na kwa nilivyoeleza juu ya maumbo kudanganya unaona kwa nini wamebisha. Mwaka 2019 Jennifer Mandel na wenzake, wakitumia karibu jeni 1,000, walipata kwamba ukoo ulianza kama miaka milioni 83 iliyopita. Ukibadilisha kisukuku unachosetia, na tarehe inasogea. Mtu akikupa mwaka wa asili ya ukoo wowote muulize kaseti saa yake na nini.

Nirudi mlimani kwetu maana dogo aliuliza. Ile miti yenye vichwa vya kabichi, kitaalamu Dendrosenecio, ya Kilimanjaro na ya Meru ni spishi tofauti, na milima mingine ya Kenya, Uganda mpaka Kongo ina yake. Kwa chavua zote ni miba miba tu, hazikupi stori. Mwaka 1995 Eric Knox na huyo huyo Palmer walisoma DNA ya kloroplasti za spishi zote 11 wakaona zinatoka kwa babu mmoja aliyeanzia juu Kilimanjaro, kama miaka milioni moja iliyopita, kisha zikahamia milima mingine. Wachagga tukisikia hivyo tunavimba kichwa. Ila kuna angalizo: kwa mimea mingi ya maua kloroplasti inarithiwa upande wa mama tu, hata alizeti ni hivyo. Ni kama umeuliza historia ya ukoo mzima kwa wajomba peke yao, utapata ukweli lakini wa upande mmoja, na mimea ikiwa imeoana oana kati ya spishi na spishi utakosa mengi. Ndo maana siku hizi wanasoma jeni za kiini cha seli pia, zinazotoka kwa mama na baba, mamia, na jeni hizo hazikubaliani zote, inabidi zipigiwe hesabu kama kura.

Nilivyomaliza haya yote barazani, safari ya pili, na mfano wa soda, shangazi akakaa kimya kidogo na ungo wake mapajani. Akauliza, na mtu akiacha halafu akarudia? Nikamwambia swali zuri, hata kwenye mti inawezekana, kitu kikipotea kinaweza kurudi, ndo maana kompyuta inapiga hesabu ya yote matatu, kupata, kuacha na kurudia, inatoa uwezekano, haitoi uhakika.

"Basi muwaambie hao wa kompyuta," akasema akiinuka, "baba yenu mdogo Krismasi iliyopita nilimkuta nyuma ya zizi na kata ya mbege. Wasimwandike kwenye walioacha."